Je, Wajua? Ulanga wa Uluguru na mwamba unaong'ang'ania mafuta

Je, wajua kwamba ulanga, madini yaliyochimbwa katika Milima ya Uluguru tangu enzi za Wajerumani, hutumika maabara kuchunguza jinsi mwamba unavyolowana? Bandua tabaka moja jembamba, kisha dondosha maji juu ya uso huo mpya: yanasambaa papo hapo. Ukiupaka kemikali yenye florini, tone linajikusanya na kuteleza kama umande kwenye jani la gimbi.

Tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa chini ya ardhi. Baadhi ya gesi asilia hubeba mafuta mepesi yaliyo katika hali ya mvuke. Kanieneo ikishuka kuzunguka kisima, mafuta hayo hugeuka kimiminika, hung'ang'ania kuta za vitundu vya mwamba na kuizibia gesi njia. Katika uwanja wa gesi wa Arun, Indonesia, kimiminika kilikuwa takriban asilimia 1 tu, lakini uwezo wa visima ulipungua kwa karibu nusu!

Mwaka 2000, watafiti Kewen Li na Abbas Firoozabadi walionyesha kwamba kemikali za florini zinaweza kuufanya mwamba uache kushika kimiminika, gesi ikapita kwa urahisi zaidi. Ni ugunduzi wa kupendeza, ingawa nyingi za kemikali hizo haziozi upesi, na zikiingia kwenye vyanzo vya maji hudumu miaka mingi.

Kwa Tanzania, gesi ya Songo Songo, inayotumika tangu 2004, ni kavu, karibu yote methani, hivyo tatizo hili haliisumbui sana.