Jitu moja au goblini wanane? Namna ya kusoma namba za zimwi

Ijumaa moja usiku niliwaua wahusika wanne wa marafiki zangu. Sikukusudia. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mchezo. Wiki moja kabla walikuwa wamelipiga jitu la aina ya ogre bila kutoka jasho, basi safari hii nikataka kuwapa kazi nyepesi kidogo. Nikafungua kitabu, nikasoma namba, nikawaletea goblini wanane. Kufika raundi ya nne meza ilikuwa kimya. Mmoja wetu, aliyetumia wiki nzima kumtungia mchawi wake historia, alikusanya dadu zake akasema, "Umetuonea," kisha akaenda zake.

Je, niliwaonea? Ebu tupige hesabu.

Kwa ambao hamjawahi kucheza: Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani wa kuigiza, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji ana mhusika wake. Msimamizi anasimulia mambo yanayotokea na ndiye anayeyaendesha mazimwi. Kila zimwi lina jedwali lake la namba. Hapa natumia toleo la tano, la mwaka 2014.

Namba nne za kuangalia kwanza

Tumchukue goblini. Ulinzi wake ni 15, uhai wake 7, nyongeza yake ya kushambulia ni +4, na upanga wake unaumiza kwa dadu ya pande 6 jumlisha 2.

Anaposhambulia, anarusha dadu ya pande 20, anaongeza 4, kisha analinganisha na ulinzi wa adui. Tuseme adui ni askari mwenye ulinzi wa 16. Goblini anahitaji kupata 12 au zaidi kwenye dadu. Namba kuanzia 12 hadi 20 ziko tisa, kwa hiyo uwezekano wa kupiga ni 9 kati ya 20, yaani asilimia 45. Akipiga, wastani wa madhara ni 5.5. Zidisha hivyo viwili, ongeza na ile bahati ya kupata 20 kamili ambayo hurudufisha dadu za madhara, unapata kama 2.65 kwa kila shambulio.

Hiyo 2.65 haimo kwenye jedwali. Lazima uitafute mwenyewe, na inategemea unayempiga ni nani. Mchawi asiye na vazi la chuma anaumia zaidi ya askari.

Sasa ogre. Ulinzi 11, uhai 59, nyongeza +6, na rungu lake linaumiza kwa dadu mbili za pande 8 jumlisha 4. Kwa askari yuleyule, linapiga kwa asilimia 55, na wastani wake ni kama 7.6 kwa raundi.

Mizani iliyonidanganya

Hapa ndipo nilipoteleza. Ukilishinda ogre unapata pointi 450 za uzoefu. Goblini mmoja ni pointi 50, kwa hiyo wanane ni 400. Uhai wao kwa jumla ni 56, wa jitu ni 59. Kwa macho tu, goblini wanane ni wepesi kidogo kuliko jitu moja. Si ndivyo?

Kumbe sivyo. Goblini wanane wakishambulia wote, ni 2.65 mara nane, yaani kama 21 kwa raundi. Hiyo ni karibu mara tatu ya jitu, na uhai wa kuwamaliza ni uleule.

Halafu fuatilia raundi moja baada ya nyingine. Tuseme wachezaji wanne wanafanana na askari wetu, na kila mmoja ana nyongeza ya +5 na upanga unaoumiza kwa dadu ya pande 8 jumlisha 3. Jitu linaanguka katika raundi ya tatu. Hadi hapo limeumiza kama 23.

Kwa goblini, tuwe wakarimu, tuseme wachezaji wanaua wawili kila raundi, lakini goblini ndio wanaoanza. Raundi ya kwanza kuna mashambulio 8, ya pili 6, ya tatu 4, ya nne 2. Jumla 20. Zidisha na 2.65, unapata madhara 53. Kundi la wahusika wanne wa daraja la pili kwa kawaida huwa na uhai wa kati ya 60 na 70 kwa wote. Bahati ikienda upande kidogo tu, mtu anaanguka. Akianguka, waliobaki wanaua goblini wachache zaidi, na goblini wanaobaki wanapiga zaidi.

Sasa linganisha na goblini wanne. Raundi ya kwanza 4, ya pili 2. Jumla 6. Tumepunguza maadui kwa nusu, mashambulio yakashuka kutoka 20 hadi 6!

Jambo hili lina jina. Mwaka 1916 mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alieleza, katika kitabu kuhusu ndege vitani, kwamba pale ambapo kila mpiganaji anaweza kumlenga yeyote wa upande wa pili, nguvu ya kundi inakua kwa mraba wa idadi yake. Ukiongeza idadi mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Mfano wetu wa dadu haufuati kanuni hiyo kwa usahihi wote, ila mwelekeo ni huohuo.

Wastani una siri nyingine

Jitu linarusha dadu mara moja kwa raundi. Asilimia 45 ya raundi zake linakosa kabisa, na wachezaji wanapumua. Goblini wanane wote kukosa kwa pamoja ni 0.55 ikizidishwa yenyewe mara nane: chini ya asilimia 1. Jitu ni bahati nasibu, maana pigo moja la kawaida linaweza kufika 20. Goblini ni kama mvua ya masika. Ukirusha dadu nyingi, matokeo husogea karibu na wastani, na wastani wao ndio ule wa 21.

Kusema kweli, kitabu hakikunidanganya. Mwongozo wa msimamizi unaagiza kwamba kwa mazimwi 7 hadi 10, jumla ya pointi izidishwe na 2.5 kabla ya kupima ugumu. Kwa hiyo 400 inakuwa 1000. Kwa wahusika wanne wa daraja la pili, mpaka wa pambano la kuua ni 800, na ogre peke yake na 450 zake ni pambano la wastani tu. Mstari huo niliuruka.

Basi ukiliona jedwali la zimwi, usiishie kwenye uhai na pointi. Uliza: kwa ulinzi wa wachezaji wangu, linapiga mara ngapi kati ya 20? Wastani wa raundi moja ni ngapi? Na je, wote wataweza kushambulia kwa wakati mmoja?

Swali la mwisho ndilo lenye dawa, kwa sababu sharti la Lanchester ni kila mmoja aweze kumfikia adui. Kwenye mlango mwembamba, goblini wa nyuma wanabaki kusubiri zamu (ingawa wana pinde, kwa hiyo funga na dirisha).

Nilimpelekea rafiki yangu hesabu hizi kwenye karatasi na kumwomba radhi. Ijumaa iliyofuata alirudi na mchawi mpya. Nikawaletea goblini wanane walewale. Kabla sijamaliza kusimulia, alikuwa ameshauliza, "Huo mlango una upana gani?"