Fahamu: Nia ya kuacha sigara inapatikanaje?

Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huwapa wavutaji kisingizio: eti sigara inapasha mwili joto. Sivyo. Nikotini hubana mishipa ya damu, vidole vikazidi kupoa. Hewa ya Ufipa, eneo ulipo mji huu, ni nyepesi kuliko ya pwani, na kaboni monoksaidi ya moshi huipora damu nafasi ya kubeba oksijeni.

Kwa nini kuacha ni kugumu?
Ubongo umezoea nikotini. Hamu huwa kali siku za mwanzo, kisha hufifia ndani ya wiki chache.

Nia itoke wapi?
Kwenye faida za karibu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mapigo ya moyo hushuka ndani ya dakika 20 baada ya kuacha. Baada ya mwaka, hatari ya ugonjwa wa moyo huwa takriban nusu ya ile ya mvutaji. Anayenunua sigara mojamoja ajumlishe matumizi ya mwezi, ayalinganishe na bei ya debe la mahindi. Kisha apange siku ya kuacha, awaambie wa nyumbani, amwone mhudumu wa afya.