Maji ya Ndiva na Haki ya Jirani wa Chini

Katika milima ya Upare, wilayani Same, wakulima wamerithi kwa mababu zao mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Jioni tundu la bwawa huzibwa, maji ya kijito yakajikusanya usiku kucha. Asubuhi huzibuliwa, yakashuka kwa mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Kijito chembamba kikiachwa kitiririke peke yake hunywewa na ardhi ya mfereji kabla hakijafika mbali, bali maji yaliyokusanywa huenda kwa nguvu hata yakamfikia aliye chini.

Lakini nguvu hiyo hiyo ndiyo iondoayo udongo. Mkulima afunguliaye maji yote kwa pamoja juu ya shamba la mteremko, kisha akaenda zake nyumbani, hurejea akakuta makorongo. Samadi na udongo wa juu vimekwisha hama. Jirani wa chini, aliyengoja zamu, amepokea tope.

Nani aanze, na akome wapi? Suala hili si geni katika Uislamu. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Zubair bin Al-Awwam (R.A.) alizozana na mtu wa Ansari juu ya mfereji wa Harra, Madina, waliokuwa wakinyweshea mitende. Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zubair anyweshe kisha amwachilie jirani. Yule mtu alipolalamika kwamba hukumu imeelemea udugu, Mtume alimtimizia Zubair haki yake yote: ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo, ndipo ayaachie. Kina hicho kilikadiriwa kuwa cha vifundo vya miguu. Basi hata haki kamili ya aliye juu ina mpaka.

Kwenye mteremko, kuulinda mpaka huo kwahitaji jembe. Wakulima huita njia hii fanya juu: mtaro huchimbwa kukingama mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta. Usawa hupimwa kwa miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, uzi na jiwe. Kazi ambayo hata watoto waiweza, na huipenda. Juu ya tuta hupandwa majani ya tembo: mizizi hushika udongo, majani hulisha ng'ombe. Mabua ya mahindi nayo, badala ya kuchomwa, hutandazwa shambani ili unyevu usipotee upesi.

Ni kazi nzito kwa nyumba moja, na kwa mjane zaidi. Tena tuta la juu likipasuka, yote ya chini hubomoka. Kwa hiyo majirani wa mteremko mmoja hushirikiana, wakianzia juu kushuka, kabla mvua za vuli hazijaanza.