Jicho Jekundu na Mikono Yetu

Ugonjwa wa macho mekundu una tabia moja inayowaponza wengi: mara nyingi hupona wenyewe. Mtu akidondoshea chai ya rangi jichoni siku ya tatu, na siku ya saba jicho likaanza kuwa jeupe, sifa zote huenda kwa chai. Jirani yake aliyepaka asali ataisifu asali, na hapa Tabora, ambako nyumba nyingi hazikosi chupa ya asali, dawa hiyo haikosi watetezi. Wengine husifu maziwa ya mama, maji ya majani yaliyotwangwa, hata mkojo. Virusi vilikuwa vinamaliza muda wao tu, lakini nani atakubali kwamba jicho lake limepona kwa sababu hakulifanya chochote?

Laiti vitu hivyo vingekuwa havina maana tu, nisingevisemea. Utafiti uliofanywa nchini na kuchapishwa mwaka 1994 uliwaangalia wagonjwa wenye vidonda kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ukakuta karibu robo yao walikuwa wametia dawa za kienyeji. Kidonda cha konea kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likikaa mbele ya mboni halifutiki kwa dawa ya matone. Mtu aliyeanza na ugonjwa wa wiki moja anabaki na jicho lisiloona maisha yake yote.

Wengi tunaukumbuka mlipuko wa Januari 2024. Katikati ya mwezi ule Mganga Mkuu wa Serikali, Profesa Tumaini Nagu, alitoa taarifa kwa umma kwamba wagonjwa wa macho mekundu wameongezeka Dar es Salaam, na muda si muda mikoa mingine ikaanza kuona wake. Komoro nao walikuwa na mlipuko wao, Mombasa ikafuata, kisha Mayotte. Huko Mayotte maabara zilimtambua mhusika: aina ya virusi vya koksaki A24, ndugu wa karibu wa virusi vya polio, ingawa hivi vyenyewe hupenda utando wa jicho badala ya mishipa ya fahamu. Virusi vya namna hii vina haraka. Kuanzia kuambukizwa hadi jicho kuwasha ni siku moja au mbili, na mara nyingi damu kidogo huvilia kwenye weupe wa jicho, jambo linalotisha kulitazama ingawa lenyewe halina madhara. Afrika iliwahi kuona ugonjwa wa sura hii mwaka 1969 huko Accra, ukasambaa Ghana wakati ule ule Apollo 11 ilipotua mwezini. Waghana wakaupa jina la chombo hicho, na hawakukosekana walioamini kwamba vumbi la mwezini ndilo limewaletea balaa.

Virusi vingine, viitwavyo adeno, vinakuja polepole zaidi. Huchukua kama wiki moja kuonekana, na jicho linaweza kusumbua wiki mbili au tatu. Vyote viwili hutoa machozi mengi ya majimaji, huleta hisia ya mchanga chini ya kope, na kwa kawaida huanza jicho moja kabla ya kuhamia la pili. Bakteria hutambulika kwa tongotongo zito la njano linalorudi muda mfupi baada ya kufutwa na kugandisha kope asubuhi. Mzio wa macho huwasha kuliko kuuma, hukamata macho yote mawili, na hurudi kila msimu. Halafu kuna jicho jekundu la moshi tu. Anayekesha kuchochea kuni kwenye bani la tumbaku kule Urambo au Sikonge atatoka asubuhi na macho mekundu, lakini hataambukiza mtu hata mmoja.

Sasa, ugonjwa huu unatembeaje? Si kwa kutazamana. Imani hiyo ina nguvu kiasi kwamba wapo wanaovaa miwani myeusi wakidhani wanawakinga wenzao, huku mkono uleule uliopangusa jicho ukipokea salamu na kurudisha chenji. Virusi viko kwenye machozi na tongotongo. Vinahamia kidoleni, vinatoka kidoleni kwenda kwenye kitasa, simu, kiti cha daladala, mpini wa jembe, halafu vinasubiri mtu mwingine ajikune jicho. Virusi vya adeno vinaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu kwa wiki kadhaa.

Ukiingia nyumba yoyote ya kata ya Ng'ambo wakati mtoto mmoja anaumwa macho, njia za ugonjwa utaziona bila darubini. Mama anamfuta mdogo kwa pindo la kanga, na pindo lilelile linamfuta makamasi mkubwa wake. Taulo ni moja, limetundikwa nyuma ya mlango. Wanja ni mmoja, wa dada na shangazi na mgeni wa harusini. Mto unalaliwa na watoto watatu. Kwenye shughuli, watu kumi wananawa kwenye beseni moja kabla ya pilau, na anayenawa mwisho anaosha mikono yake kwa maji ya mikono ya wenzake tisa. Wazee wetu waliokuwa wakinawisha wageni kwa birika, maji yakimiminika juu ya mkono na kuangukia chini, walikuwa na utaratibu bora kuliko beseni letu la plastiki. Ukirudisha birika, au ukatoboa kidumu na kukitundika uani pamoja na kipande cha sabuni, umefanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya dukani.

Bweni ni nyumba hiyo hiyo iliyozidishwa mara mia. Tabora ni mji wa shule za bweni tangu enzi za mkoloni, na Januari ni mwezi wa kufungua shule. Wanafunzi wanashuka stesheni wakitoka Dar es Salaam, Mwanza na Kigoma, kila mmoja na begi lake na vijidudu vya kwao. Mwalimu wa zamu akimwona mwanafunzi wa kwanza mwenye jicho jekundu, amtengee kitanda, ndoo na taulo siku ileile, asingoje wawe wanane. Na asimpeleke kulala chumba cha wagonjwa karibu na wenye malaria, kwa maana huko atawapa na wao.

Nyumbani, tiba ni ndogo kuliko watu wanavyotaka iwe. Chemsha maji, yaache yapoe, chovya kitambaa safi au pamba, futa jicho kuanzia pembe ya puani kwenda nje. Pamba ya jicho la kulia isiguse la kushoto, na baada ya hapo itupwe au kitambaa kichemshwe. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi na kuwekwa juu ya kope hupunguza uvimbe na muwasho. Dawa ya maumivu ya kawaida inatosha kwa anayeumia. Lenzi za macho, kwa wanaozivaa, zivuliwe kabisa, na wanja uliotumika wakati wa ugonjwa utupwe hata kama ulinunuliwa jana. Mgonjwa abaki nyumbani mpaka macho yaache kutoa machozi na tongotongo. Shuleni, kazini na msikitini watamsamehe.

Antibayotiki haiui virusi. Inafaa pale tongotongo ni la usaha, na hapo muuguzi wa zahanati ndiye wa kuamua. Chupa moja ya matone ni ya mtu mmoja. Ncha yake ikigusa kope za wagonjwa wawili, imegeuka sindano ya kugawia ugonjwa. Kinachonikera zaidi kwenye duka la dawa ni matone yenye deksamethasoni au steroidi nyingine, yanayouzwa kwa sababu yanafanya jicho kuwa jeupe upesi. Ni kweli yanalifanya jeupe. Lakini iwapo ugonjwa ni ule wa virusi vya malengelenge, steroidi huvifungulia mlango mpaka ndani ya konea, na zikitumiwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya macho bila mgonjwa kusikia maumivu yoyote. Muulize muuzaji kilichomo ndani ya chupa kabla ya kutoa pesa. Jina la steroidi likiwemo na hakuna daktari aliyeandika, mrudishie.

Ipo pia aina ya jicho jekundu isiyotakiwa kusubiriwa, na mfano wake mkubwa ulipita hapa kwetu, kwenye njia ya zamani ya misafara. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, yaani eneo la Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokelewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu. Walipoendelea magharibi Speke akashikwa na macho vibaya, na mtumishi wao Mgoa aliyeitwa Valentine naye akaugua macho. Februari 13, 1858 msafara ulifika juu ya Ziwa Tanganyika, na Speke, aliyetembea miezi minane kulitafuta, hakuona zaidi ya ukungu. Watu wengi wakisoma habari hiyo huishia kusema alikuwa na macho mekundu ya kawaida. Sidhani. Maelezo yaliyoachwa yanataja uvimbe wa ndani ya jicho, hasa irisi, na kuona kulikokaribia kupotea kabisa, kwa mtu aliyekwisha kuumwa macho tangu ujanani. Macho mekundu ya kuambukizana hukaa kwenye utando wa nje. Ukipepesa machozi na tongotongo likaondoka, unasoma maandishi kama kawaida. Jicho lililoshindwa kuona hata baada ya kusafishwa lina tatizo la ndani zaidi. Speke alipata nafuu ya kutosha na Julai mwaka uleule aliondoka Kazeh kwenda kaskazini, akaliona Ziwa Nyanza kwa macho yake, bahati ambayo wengi wenye uvimbe wa irisi usiotibiwa hawaipati.

Kwa hiyo, anayeumwa jicho jekundu ajipime: anaona vizuri kama jana? Anastahimili mwanga wa jua? Maumivu ni ya kukereketa, au ni ya ndani kabisa yanayomnyima usingizi? Kuna doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au mboni haina umbo la mduara? Jicho liligongwa, lilichomwa na miba, liliingiwa na dawa ya shambani? Ikiwa ni maji ya betri, saruji au dawa ya kupulizia, kwanza limwagilie maji safi mengi kwa nusu saa, ndipo uanze safari. Kasoro yoyote kati ya hizo ni ya kliniki ya macho Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, au hospitali yoyote iliyo karibu, siku hiyo hiyo. Mtoto mwenye macho mekundu, homa na vipele apelekwe haraka pia, kwani surua hupofusha watoto waliopungukiwa vitamini A.

Jicho linalouma kila mwaka kwa mtoto wa kijijini, kope zikiwa na vipele kwa ndani, huenda ni trakoma, ambayo wengi huiita vikope. Hii ina tiba yake na kampeni zake, na sehemu ya tulichojifunza juu yake ilitoka Ugogo, kwenye njia ileile ya misafara. Mtafiti Sheila West na wenzake walifanya jaribio katika vijiji vya Kongwa, matokeo yakatoka mwaka 1995: watoto walioendelea kuwa na nyuso safi baada ya kutibiwa hawakupatwa sana na trakoma kali kama wenzao. Maji waliyohitaji hayakufika lita moja kwa uso mmoja.

Kwa mtoto mchanga, kanuni zote za kusubiri hazina kazi. Macho yake yakivimba na kutoa usaha katika mwezi wa kwanza, hasa siku tano za mwanzo, chanzo kinaweza kuwa kisonono alichokipata kwenye njia ya uzazi wakati wa kuzaliwa, na kisonono hutoboa konea kwa siku chache. Tangu miaka ya 1880, daktari Carl Credé alipoanza kuwatonea wachanga dawa ya fedha huko Leipzig, wakunga wamekuwa wakikinga macho hayo. Hapa kwetu hupakwa malhamu ya tetrasaiklini mara tu baada ya kujifungua. Aliyejifungulia nyumbani huikosa, na anatakiwa kuiomba anapompeleka mtoto kituoni. Usaha ukishaonekana, malhamu hiyo peke yake haitoshi. Mtoto anahitaji sindano, na mama na baba watibiwe pamoja naye.