Galaksi zenye kitovu kinachowaka: moto unaoua nyota au unaozizaa?

Goma – Mkaaji wa Goma hahitaji kufundishwa tofauti kati ya mlima uliolala na mlima ulio macho. Nyiragongo na Nyamulagira iko macho. Mikeno na Karisimbi imelala. Wataalamu wa nyota nao wanagawanya galaksi hivyo hivyo. Nyingi zina kitovu kilichotulia, lakini chache zina kitovu kinachowaka, mara nyingine kuliko nyota zao zote pamoja. Na swali wanalojiuliza juu ya moto huo, wakulima wanaolima chini ya volkano zetu wanalijua: je, unaharibu tu, au unarutubisha pia?

Baadhi ya waliotafuta jibu wanatoka kwa majirani. Mwaka 2017, jarida la kisayansi la Uingereza Monthly Notices lilichapisha utafiti wa Antoine Mahoro, kutoka Rwanda, aliyekuwa akisomea Afrika Kusini. Alishirikiana na Mirjana Pović, mtafiti aliyekuwa Ethiopia, na Pheneas Nkundabakura wa Chuo Kikuu cha Rwanda.

Kinachowaka ni nini?

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, gesi na vumbi. Ya kwetu, Njia Nyeupe, ndiyo ule mkanda unaoonekana angani usiku wa kiangazi umeme unapokatika mjini. Katikati ya karibu kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi, lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua. Nguvu yake ya kuvuta ni kubwa kiasi kwamba hata mwanga ukiingia hautoki.

Basi moto unatoka wapi? Si katika shimo lenyewe, bali katika gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa. Gesi hiyo inakimbia, inasuguana na kupata joto kali hadi inang'aa. Hapo mfano wa volkano unafika mwisho: lava ya Nyiragongo inatoka chini ya ardhi, lakini moto huu unatokana na vitu vinavyoanguka kuelekea ndani. Gesi ikiisha, moto unazimika.

Majina mengi, mnyama mmoja

Mwaka 1943, Mmarekani Carl Seyfert alieleza galaksi chache zenye kitovu kidogo kinachong'aa sana. Leo zinaitwa galaksi za Seyfert, nazo ziko za aina mbili. Katika aina ya kwanza, mwanga unaonyesha gesi inayokimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde karibu na shimo. Katika aina ya pili, inaonekana tu gesi ya mbali zaidi, inayokwenda polepole.

Mwaka 1963, Maarten Schmidt alichunguza kitu kinachoitwa 3C 273, kilichofanana na nyota ya kawaida. Aligundua kwamba kiko umbali wa miaka ya nuru zaidi ya bilioni mbili. Mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri mwaka mzima. Kwa kuonekana kutoka mbali hivyo, lazima king'ae kupita galaksi nzima. Vitu vya namna hiyo vinaitwa kwasari.

Kuna pia galaksi za redio, zinazorusha mikondo miwili ya chembe kwenda pande mbili, mbali kuliko ukubwa wa galaksi yenyewe. Na mkondo ukielekea kwetu moja kwa moja, tunaona blazari, ambayo mwanga wake unaweza kubadilika kwa siku chache au hata saa.

Kwa miaka mingi hivi vilihesabiwa kuwa vitu tofauti. Baadaye wataalamu waliona kwamba sehemu kubwa ya tofauti inategemea mahali tunapotazamia. Ni kama Nyiragongo: ziwa la lava linapowaka, aliye mjini anaona wekundu juu ya moshi tu, lakini aliyepanda hadi ukingoni anaona lava yenyewe. Vumbi linalozunguka shimo jeusi linatuficha moto kwa namna hiyo. Hata hivyo, pembe haielezi yote. Wingi wa gesi inayoanguka nao una maana, na kuna galaksi zilizobadilika aina ndani ya miaka michache.

Yetu imelala

Shimo jeusi la Njia Nyeupe lina uzito wa majua karibu milioni nne, na picha yake ilitangazwa tarehe 12 Mei 2022. Kwa sasa limetulia. Lakini mwaka 2010, data za setilaiti Fermi zilionyesha mapovu mawili makubwa juu na chini ya kitovu cha galaksi yetu. Wanasayansi wengi wanayaona kama alama za mlipuko wa zamani.

Afrika nayo inatazama. Huko Namibia, darubini za H.E.S.S. zinafuata miale ya gama ya blazari. Huko Afrika Kusini, MeerKAT na antena zake 64 imeonyesha galaksi ya redio iliyopewa jina Inkathazo, yenye urefu wa miaka ya nuru milioni 3.3.

Jibu kutoka kwa majirani

Wengi walifikiri kwamba kitovu kinachowaka kinafukuza gesi na hivyo kuzuia nyota mpya kuzaliwa. Mahoro na wenzake walichagua galaksi zilizo katikati ya safari, kati ya zile zinazozaa nyota nyingi na zile zilizoacha kuzaa. Kati ya zile zinazotoa miale mingi ya joto, zenye kitovu kinachowaka zilikuwa zinazaa nyota zaidi kuliko zenye kitovu kilichotulia. Inawezekana, waliandika, kwamba moto huo unasaidia nyota kuzaliwa. Mjadala haujafungwa.

Walitumia data za sehemu ya anga inayoitwa COSMOS, zikiwemo za darubini ya angani Herschel. Hawakujenga darubini yao. Kongo haimo kati ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi mkubwa wa redio wa SKA. Kenya na Zambia zimo. Lakini data za COSMOS ziko wazi kwa wote. Mwanafunzi wa fizikia wa Goma anayetaka kuingia katika mjadala huu anahitaji kompyuta, intaneti, umeme usiokatika na mwalimu wa kumwongoza. Hayo si madogo kwetu, lakini hakuna hata moja linalohitaji roketi.