Faili Litakalosomwa Mwaka 2038

Katika vijiji kadhaa vya Wilaya ya Kilosa, Ulaya Mbuyuni kikiwemo, miti ya mkaa haikatwi ovyo. Mradi ulioanza mwaka 2012 chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, MJUMITA, kwa fedha za Uswisi, uliwasaidia wanakijiji kutenga misitu yao ya hifadhi na kupima ndani yake eneo la mkaa. Eneo hilo hugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50 vinavyopishana: kimoja kinavunwa, jirani yake kinaachwa, na kilichovunwa hakiguswi tena mpaka ipite miaka 24, ili visiki vichipue na miti irudi. Kwa hesabu hiyo, kitalu kilichokatwa mwaka 2014 zamu yake inarudi mwaka 2038. Atakayetoa kibali mwaka huo huenda leo bado yuko shule ya msingi. Hatakuwa na wa kumuuliza, kwa kuwa mtendaji wa kijiji wa mwaka 2014 atakuwa amehamishwa mara kadhaa au amestaafu. Kitakachomwongoza ni nyaraka: mpango wa uvunaji, jedwali la vitalu, sheria ndogo za kijiji na mihtasari ya mkutano mkuu. Na nyaraka za namna hii, hata zile zinazoishia kugongwa muhuri na kuwekwa kabatini, siku hizi huzaliwa kwenye kompyuta.

Hapo ndipo mjadala wa viwango huria vya mafaili ya ofisini, ambao wengi huuona kama ugomvi wa mafundi wa kompyuta, unapoingia hadi msituni. Kipimo ninachopendekeza ni kimoja: tusiuulize muundo wa faili unamrahisishia vipi anayeandika leo, tuuulize utamsaidia vipi atakayesoma mwisho. Jaribu kurudi nyuma miaka 24 kutoka 2014, uone picha ilivyokuwa. Mwaka 1990 ofisi zilizokuwa na kompyuta ziliandika barua kwa WordPerfect au WordStar na kupiga hesabu kwa Lotus 1-2-3. Kila programu ilikuwa na muundo wake, na wenye programu hizo waliamini zitakuwepo daima. Mtu akiokota leo kisahani cha zama hizo, akakuta bado kinasomeka, kazi ya pili inayomngoja ni kutafuta programu inayoelewa kilichomo.

Faili la waraka halina maneno peke yake. Lina maagizo pia: hapa pana kichwa cha habari, hapa pana jedwali la safu tano, hapa herufi zikolee. Maagizo hayo huandikwa kwa kanuni, na kanuni hizo ndizo muundo wa faili. Mafaili ya zamani ya Word, yale yenye jina linaloishia na .doc, yaliandikwa kwa kanuni ambazo kwa miaka mingi hazikuwa wazi kwa kila mtu. Microsoft iliyaweka hadharani maelezo yake mwezi Februari 2008, muundo wenyewe ukiwa umeshaanza kuachwa. Muundo huria wa ODF (OpenDocument Format) ulikwenda njia nyingine, na msomaji anaweza kujihakikishia mwenyewe. Chukua nakala ya faili la .odt, ambalo ni waraka wa muundo huo, badilisha mwisho wa jina liwe .zip, kisha lifungue. Utakuta ndani mafaili madogo, content.xml, styles.xml, meta.xml na mengine. Fungua hilo la kwanza kwa Notepad, nawe utayaona maneno ya muhtasari yenyewe, “Mwenyekiti alifungua mkutano saa 4:00 asubuhi”, yamezungukwa na alama zinazosema hii ni aya, hiki ni kisanduku cha jedwali. Hata kama kila programu inayofungua faili hilo ingetoweka kesho, mtu mwenye subira angeweza kulisoma kwa macho yake.

Tatizo ni kwamba ukifanya jaribio hilohilo kwa faili la .docx, muundo wa Word uliofuata .doc, utapata jibu linalofanana. Nalo hufunguka kama mfuko uliobanwa, na ndani yake mna document.xml yenye maneno yanayosomeka. Basi ugomvi ulitoka wapi? ODF iliidhinishwa na jumuiya ya OASIS mwezi Mei 2005, na mwaka uliofuata ikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300. Microsoft nayo ikapeleka muundo wake mpya, huo wa .docx na ndugu zake, kwa shirika la Ecma, ukapitishwa Desemba 2006, kisha ukaombewa njia ya haraka kwenda ISO. Ulikuwa na kurasa zaidi ya 6,000. Kura ya kwanza, Septemba 2007, haikutosha. Wajumbe wakakutana Geneva kwa siku tano mwezi Februari 2008, wakiwa na maoni na masahihisho mengi kuliko muda waliopewa. Kura zilipohesabiwa upya mwanzoni mwa Aprili muundo ulipita. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa. Rufaa zikatupwa, na kabla mwaka haujaisha kiwango cha ISO/IEC 29500 kikachapishwa.

Kilichowakera wapinzani kinaonekana vizuri zaidi ukiangalia vitu viwili vidogo. Mapendekezo ya awali yalikuwa na alama zenye majina kama autoSpaceLikeWord95, yaani panga nafasi za herufi kama zilivyopangwa na Word ya mwaka 1995. Word hiyo ilizipangaje? Kiwango hakikusema. Aliyeitengeneza anajua; fundi wa Morogoro au wa Nairobi anayetaka kuandika programu yake akifika kwenye alama hiyo anabaki kubahatisha. Cha pili kiko ndani ya Excel mpaka leo. Andika 60 kwenye kisanduku, kisha kigeuze kiwe tarehe: kitaonyesha Februari 29, 1900. Siku hiyo haikuwahi kuwepo duniani, kwa sababu mwaka unaofunga karne hauwi mrefu mpaka ugawanyike kwa 400. Kosa hilo lilikuwa la Lotus 1-2-3, na Excel ililiiga kwa makusudi ili majedwali ya wateja waliokuwa wakihama yasivurugike. Kibiashara ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini kuna tofauti kati ya kampuni kuvumilia kosa la jirani yake na dunia nzima kuandikiwa kosa hilo kama kanuni.

Mwezi uleule wa Septemba 2007, wa kura ya kwanza, Microsoft ilitoa sasisho la tatu la Office 2003. Ofisi zilizoliweka zikakuta mafaili ya Word za kale hayafunguki tena pasipo kubadili mipangilio ya ndani, kwa maelezo kwamba miundo hiyo ilikuwa na hatari za kiusalama. Hatari zilikuwa za kweli, na baadaye kampuni ilirahisisha njia ya kuondoa kizuizi hicho. Hata hivyo tukio lenyewe linatufundisha kuliko hotuba nyingi: mwenye nyaraka hakuulizwa. Sasa lilinganishe na jambo lililotokea hapa kwetu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Leo si rahisi kumkuta mtumishi anayeitumia. Lakini mafaili yake ya .sxw, muundo uliokuja kuwa msingi wa ODF, bado yanafunguliwa na LibreOffice, programu iliyoanzishwa mwaka 2010 na wanajumuiya wa OpenOffice waliojitenga. Programu imepita, nyaraka zimebaki. Haikuwa bahati, kanuni za muundo zilikuwa hadharani, na yeyote aliyetaka kuzifuata hakuhitaji ruhusa.

Mtu atasema: lakini .docx nayo sasa ni kiwango cha ISO, ya nini kuhangaika? Hoja ina uzito, na wanaodai kwamba .docx ni siri tupu wanapotosha. Ila kiwango hicho kina ngazi mbili. Moja ni safi, imeondolewa mazoea ya kale. Nyingine ni ya mpito, imeyabeba, na iliwekwa kwa ajili ya mafaili yaliyokwisha kuandikwa. Word inapohifadhi waraka bila kuambiwa vingine, huuhifadhi kwa ngazi ya mpito. Kwa hiyo muhtasari unaochapwa leo kwenye duka la steshenari pale Mikumi unatoka ukiwa na ukoo wa Word 95, ingawa aliyeuchapa pengine hakuwa amezaliwa Word hiyo ilipotoka. ODF nayo haikushuka mbinguni. Matoleo yake ya kwanza hayakueleza kwa ukamilifu lugha ya fomula za majedwali, hivyo jumla iliyopigwa kwenye programu moja ingeweza kuzua utata kwenye nyingine, na pengo hilo lilizibwa na toleo la 1.2 mwaka 2011 tu. Tofauti ninayoiona ni kwamba kasoro ya ODF ilikuwa ya jambo ambalo halijaandikwa, likaandikwa. Kasoro ya mpinzani wake ni ya historia ya bidhaa moja, na historia haifutiki.

Pingamizi kubwa zaidi si la kitaalamu. Kila mtu anatumia Word, wanasema, na kuleta muundo mwingine ni kuleta vurugu: jedwali litahama, nembo ya halmashauri itaangukia katikati ya barua, mtu atapigiwa simu atume upya. Ni kweli, hutokea. (Lakini mara nyingi chanzo ni fonti. Waraka uliopangwa kwa fonti isiyokuwepo kwenye kompyuta ya pili, au uliofunguliwa kwa programu ya WPS kwenye simu, utahama hata ukiwa wa muundo gani.) Kwamba wengi wanatumia kitu kimoja ni faida, siibishi, suala ni nani mwenye mamlaka ya kukibadilisha. Wilaya ya Kilosa inalijua hilo kwa chuma. Reli inayotoka Kilosa kupita Mikumi hadi Kidatu ina upana wa milimita 1,000, ule wa Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani. TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067, ili ioane na reli za Zambia na kusini mwa Afrika. Kila mjenzi alikuwa na sababu zake nzuri. Matokeo yake, mwaka 1998 ilibidi kituo cha kuhamishia mizigo kifunguliwe Kidatu, kwa sababu behewa la upande mmoja haliwezi kukanyaga reli ya upande wa pili. Miaka imepita, na reli ya kisasa inayopita Kilosa imekuja na upana wa tatu, milimita 1,435. Lakini angalau vipimo hivyo vinajulikana: yeyote mwenye futi kamba anaweza kuvipima na kutengeneza gurudumu linalofaa. Ndicho kiwango huria kinachodai, wala hakidai kwamba wote wapande treni ya kampuni moja.

Wapo wanaomaliza mjadala kwa kusema tuhifadhi kila kitu kwa PDF. Kwa waraka uliokwisha kusainiwa nakubaliana nao, hasa kwa aina ya PDF/A iliyowekewa kiwango mwaka 2005 mahsusi kwa hifadhi ya muda mrefu. Lakini PDF ni picha ya mwisho ya waraka. Jedwali la vitalu vya mkaa linahitaji kuongezwa mistari kila msimu, kupangwa upya, kujumlishwa. Ukilikuta ndani ya PDF, au vibaya zaidi kama karatasi iliyoskaniwa ikiwa imepinda, unaanza kunakili namba moja moja, na kila namba iliyonakiliwa ni nafasi ya kukosea kitalu.

Serikali nyingine zimekwisha kuamua, na si zote zimeamua kwa wepesi. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilitangaza kuhamia ODF mwaka 2005 na kuzua mvutano mkubwa wa kisiasa. Afrika Kusini iliiweka kwenye mwongozo wake wa serikali mwaka 2007. Uingereza iliichagua Julai 2014 kwa nyaraka zinazohaririwa, na PDF/A au kurasa za wavuti kwa nyaraka za kusomwa tu. Mgawanyo huo wa Uingereza ndio unaonivutia, kwa kuwa hautaji jina la programu yoyote. Tanzania ina vyombo vya kufanya hivyo bila sheria mpya: Shirika la Viwango, Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, ambayo tayari inaitaka ofisi ya umma itunze kumbukumbu zake.

Gharama nayo ni ndogo kuliko inavyosemwa. Hakuna haja ya kuifuta Word kwenye kompyuta yoyote ya halmashauri, kwa kuwa Word yenyewe imeweza kuhifadhi kwa .odt tangu mwaka 2009. Kinachohitajika ni mpangilio mmoja kubadilishwa na fundi wa wilaya ili huo uwe ndio muundo wa kawaida, violezo vya barua na mihtasari kutengenezwa upya kwa fonti zinazopatikana bure, na sentensi moja kwenye kila mkataba wa mradi, uwe wa mkaa, wa ardhi au wa maji, kwamba mshauri anapokabidhi mpango kwa kijiji akabidhi na faili linaloharirika kwa muundo huria, pamoja na viwianishi vya ramani. Sentensi hiyo ndiyo ngumu zaidi kuipata, kwa sababu mradi una miaka yake michache na mshauri hupimwa kwa ripoti yenye jalada zuri. Wa kuidai ni halmashauri, kabla ya kusaini, wakati mfadhili bado anahitaji muhuri wake.