Mlango Unaotazama Machweo

Ifikapo saa kumi alasiri katika mwezi wa Oktoba, mlango wa chuma unaotazama magharibi pale Mkomaindo, mjini Masasi, haushikiki kwa mkono mtupu. Nyuma ya mlango kama huo huenda amelala mtu aliyekesha zamuni katika Hospitali ya Mkomaindo, naye hana budi kupata usingizi kabla ya kurudi kazini jioni. Chumba ni cha kupanga. Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, wala mlango ubadilishwe au kupakwa rangi nyingine. Je, mpangaji huyo afanyeje?

Kwanza autazame upenu. Masasi ipo karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo jua huwa la utosi mara mbili kwa mwaka, mnamo tarehe 20 hivi za Oktoba na za Februari. Katika mwezi wa Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini, likiwa nyuzi 56 hivi juu ya upeo wa macho. Upenu uliotokeza sentimita 60 juu tu ya mlango unaotazama kaskazini hutia kivuli cha sentimita 89, karibu nusu ya mlango. Lakini jua la saa kumi alasiri mwezi wa Oktoba liko nyuzi 33 tu, tena upande wa magharibi. Mwanafunzi akizidisha 60 kwa tanjenti ya nyuzi 33 atapata sentimita 39. Sehemu yote iliyobaki ya mlango wa magharibi imo juani, na kila dakika ipitayo kivuli hicho hupungua. Ndiyo maana kurefusha upenu kidogo hakufai kitu hapa. Kinachohitajika ni kizuizi kilichosimama wima.

Mlango wenye upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2.1, saa hiyo, hupokea zaidi ya kilowati moja ya nguvu za jua, kiasi cha pasi ya umeme. Rangi nyeusi au ya kahawia hufyonza sehemu kubwa ya nguvu hizo. Chuma nacho hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mbao, hivyo upande wa ndani hupata moto karibu sawa na ule wa nje, ukawa kama jiko lililosimamishwa chumbani. Watu wengi hutundika pazia ndani. Pazia huzuia mwanga na baadhi ya mionzi, lakini joto limekwisha kuingia nyumbani, na hewa iliyo kati ya pazia na chuma hupanda na kuenea chumbani.

Jamvi lile lile likitundikwa nje hufanya kazi iliyo kubwa zaidi. Hakuna haja ya msumari: madebe mawili yaliyojazwa mchanga, mti mmoja katika kila debe, na kamba kati yake. Jamvi liwe mbali na mlango kwa shubiri moja au zaidi, na lisiguse chini. Jamvi lenyewe litapata joto, bila shaka, lakini hewa iliyoko katika nafasi hiyo itapanda na kutokea juu, huku hewa baridi zaidi ikiingia kwa chini. Likigusana na chuma, faida hiyo hupotea. Tena mlango waweza kuachwa wazi nyuma ya jamvi, upepo upite.

Aliyekosa jamvi aweza kubandika karatasi nyeupe juu ya mlango kwa gundi ya unga wa muhogo, ambayo huoshwa kwa maji siku ya kuhama. Nyeupe hurudisha mwanga mwingi. Adui wa mbinu hii ni mvua, na mbuzi wa jirani, ambao huipenda gundi hiyo kupita kiasi.

Mbaazi zilizopandwa mbele ya mlango hutoa kivuli kizuri, ila huvunwa na kupukutisha majani karibu na msimu wenyewe wa joto kali. Nguo mbichi pia hupoza, kwa kuwa lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto la megajuli 2.4 hivi. Lakini huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mvua huzama upesi katika udongo wa kichanga, na kwa vizazi vingi maji yamefuatwa mabondeni. Ndoo iliyopandishwa mlimani haimwagwi mlangoni.

Shule yoyote yaweza kulijaribu jambo hili kwa vipande vitatu vya bati vilivyopakwa masizi na kusimamishwa kuelekea magharibi: kimoja kitupu, cha pili kimegusana na kipande cha mkeka, cha tatu mkeka ukiwa shubiri moja mbele yake. Kipimajoto kifungwe nyuma ya kila bati, na vipimo viandikwe kila robo saa, kuanzia saa tisa hadi jua litakapotua.